Barafuto Iitwayo Bado

Jumatatu, 3 Februari

Uji. Dawa ya presha. Ndege zinashuka Heathrow zikipita juu ya bafu letu, kama kawaida ya Hounslow. Upendo kaenda zamu ya asubuhi hospitalini, kaacha maelekezo juu ya friji kana kwamba baba yake hajui kupasha wali.

Barua pepe kutoka kamati ya majina. Miaka hamsini hawajanisemesha. Leo mimi ni "mshiriki muhimu wa historia ya ramani". Nilikuwa mchoraji mwenye kiti kibovu karibu na mlango wa choo.

Nieleze kwa utaratibu, maana mambo haya watu huyachanganya. Barafuto ni mto wa barafu. Theluji huanguka milimani, hujigandamiza karne kwa karne mpaka iwe barafu, na barafu huteremka polepole kwa uzito wake yenyewe. Zilizoko pwani ya Antaktika hufika baharini na kutoa ulimi. Hakuna anayeishi huko. Hakuna bibi wa kuulizwa, mahali hapa mnapaitaje. Kwa hiyo majina hutolewa London, na watu wenye suti, baada ya chakula cha mchana. Wameyagawa kwa wakubwa wao, kwa wake zao, kwa mbwa wao. Nimewahi kuandika jina la mbwa juu ya mlima. Mlima mzuri.

Barafuto wanayoniulizia inaitwa Bado. Daftari lao linasema Bado alikuwa mpiga chusa kwenye meli ya kuwinda nyangumi. Wamemtafuta katika kila orodha ya mabaharia. Hawamwoni. Watamwonaje? Hakuzaliwa.

Kwa kuwa asili ya jina haijulikani, wanapendekeza kulifuta na kuiita barafuto hiyo Wexcombe, kumkumbuka marehemu mkuu wa ofisi yetu ya ramani. Mwanawe ndiye aliyeomba. Kikao ni mwezi ujao. Je, nina kumbukumbu yoyote?

Wexcombe. Sisi tulimwita Kifutio.

Nimecheka mpaka uji ukanipalia.

Jumatano, 5 Februari

Sijajibu. Nitaandika hapa kwanza, niweke mambo sawa kichwani.

Watanzania tulikuwa wawili katika ofisi ile: mimi, Mpare niliyetoka idara ya upimaji Dar es Salaam, na Salim wa Tanga. Vijana. Tulikuja kusoma uchoraji wa ramani, tukabaki kazini. Ndege ilikuwa imepita juu ya pwani ile ikipiga picha, mstari baada ya mstari. Unachukua picha mbili za jirani, unaziweka chini ya stereoskopu, yaani kifaa chenye lenzi mbili. Jicho la kushoto linatazama picha moja, la kulia nyingine. Ghafla milima inasimama juu ya meza. Sijawahi kukanyaga Antaktika. Lakini nimeinamia kila bonde la pwani ile kwa miaka sita, na shingo yangu inakumbuka.

Shida ni weupe. Barafu nyeupe, wingu jeupe, bahari iliyoganda nyeupe. Ofisi nzima iliona ghuba iliyoganda. Salim ndiye aliyeona nyufa, nyembamba kama nywele, zimepinda kuelekea nje. Bahari iliyoganda haipasuki namna hiyo. "Hii inatembea," akasema. Kifutio alimwambia asafishe lenzi. Wiki mbili baadaye tulimsikia Kifutio akiwaeleza wageni jinsi alivyoziona nyufa zile. Alieleza vizuri. Wezi wengi wana ufasaha.

Mlangoni palikuwa na trei mbili, moja ya karatasi zilizokamilika, moja ya zisizokamilika. Mimi na Salim, ili tusichanganyikiwe, tuliandika pia kwa penseli juu ya karatasi yenyewe, "tayari" au "bado". Ukimaliza kipande, unafuta. Lugha yetu, haikumsumbua mtu.

Ulimi wa barafuto ile nilikuwa nauchora mimi. Mwisho wake ulifunikwa na wingu. Nilikisia ukingo kwa mstari mwepesi, nikaandika "bado" ili ukingo usubiri picha nyingine. Sasa, desturi ya ramani ni kwamba majina ya mito huandikwa kwa herufi za mlazo, yakifuata mkondo. Mimi hata neno la penseli niliandika hivyo. Nilikuwa na mwandiko mzuri na nilitaka ujulikane. Waliopanga herufi wakaona jina safi, limelala juu ya barafu kama inavyotakiwa. Wakaliweka.

Fomu ilidai asili ya kila jina. Kifutio hakuwahi maishani mwake kusema sijui. Akaandika: mpiga chusa. Mtu mzima alizaa mtoto kwa kalamu, na kamati ikambatiza.

Jinsi karatasi isiyokamilika ilivyofika kwa wapanga herufi, sitaki kuandika leo.

Jumamosi, 8 Februari

Wamemtuma katibu wao, binti anayeitwa Imogen. Daktari wa falsafa. Hajatimiza miaka thelathini, anavaa buti za kupandia mlima, na alifika kwa basi. Aliniita Elia, kama vile tulichunga mbuzi pamoja. Upendo alimkaribisha chai ya maziwa na tangawizi. Akanywa kwa ujasiri.

Ana nadharia. Bado ni Mreno. Au Mtaliano. Alitandaza nakala ya karatasi yangu mezani, na pembeni zilikuwepo herufi za mwanzo za jina langu. Ndivyo walivyonipata. Penseli imefutwa zamani, limebaki jina lililopangwa. Aliniuliza kama ofisini kulikuwa na orodha ya mabaharia.

Nikamweleza kuhusu stereoskopu kwa dakika arobaini.

Akauliza tena. Akasema usipopatikana ushahidi, jina litaanguka na Wexcombe litapita bila kupingwa. Alisema hilo kwa upole. Upole wa daktari wa meno.

Nilichotakiwa kusema ni sentensi moja. Nikasema, "Sikumbuki."

Upendo alinitazama. Anajua nakumbuka mpaka namba ya penseli.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani. Mchungaji kahubiri dakika hamsini juu ya unyenyekevu. Mtu mnyenyekevu angemaliza kwa ishirini.

Haya. Niandike.

Nilikuwa naenda likizo kuoa. Nilikuwa na haraka, koti mkononi, teksi nje. Nikaiweka karatasi kwenye trei ya zilizokamilika. Mkono wangu, trei mbaya. Basi. Niliporudi ramani ilikuwa imechapwa, na nahodha mmoja ameandika kulalamika kuwa ukingo wa barafu si huo. Kifutio aliniita. Akauliza karatasi nilimwachia nani. Ningeweza kusema sikumwachia mtu. Nikasema nilimkabidhi Salim amalizie.

Salim alikana. Kifutio alikuwa anasubiri sababu tangu siku ya nyufa. Mkataba wa Salim haukuongezwa. Alifanya kazi ya kupakia mizigo uwanja wa ndege mpaka kustaafu. Mikono iliyochora nyufa nyembamba kama nywele.

Nikitaka kuwaambia kamati neno "bado" limetoka wapi, lazima niseme lilifikaje kule. Nikisema lilifikaje, nimefichua nilivyomsingizia Salim. Nikinyamaza, Kifutio anapewa barafuto aliyoiiba.

Nimewadharau watu wengi katika daftari hili. Mmoja nimekuwa nikimruka.

Alhamisi, 13 Februari

Nimeenda Croydon. Treni mbili na tramu. Majengo ya ofisi yamesimama kama makabati ya mafaili, na mojawapo ni lile la uhamiaji, ambamo kila mmoja wetu amewahi kukaa kwenye kiti cha plastiki akisubiri aitwe kwa jina lililokosewa. Salim anaishi ghorofa ya nne na binti yake Mwanaidi, ambaye mumewe amefariki. Tulionana mara ya mwisho kwenye msiba huo. Kabla ya hapo, misiba mingine. Sisi ni marafiki wa makaburini.

Mwanaidi aliniamkia shikamoo, akatenga wali na samaki wa nazi, akaondoka kwenda kazini. Salim amekonda. Anatumia fimbo, lakini macho ni yale yale.

"Mpare," akasema, "umekuja na kesi au umekuja kula?"

Nikasema kesi.

"Basi kula kwanza. Kesi ya Mpare haichachi."

Watanga hawachoki na utani huu, kwamba Mpare huuza ng'ombe kuendesha kesi ya kuku. Nilikula. Nilimweleza habari ya kamati, na ya Kifutio kupewa barafuto. Alicheka kwa sauti, akauliza kama wataweka na sanamu yake imeshika kifutio. Nikamweleza habari ya trei. Hapo niliacha kula. Nilieleza vibaya, nikirudia rudia, nikitaja koti na teksi kana kwamba teksi ndiyo iliyosema uongo.

Salim alimaliza kutoa miba ya samaki. Akaipanga pembeni ya sahani.

"Mle ofisini waliojua neno hilo tulikuwa wawili," akasema. "Mimi sikuliandika."

Alijua. Alijua tangu siku alipoiona ramani iliyochapwa, ukutani, wakati anakusanya vitu vyake. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, miaka yote hiyo.

"Nikuambie nini? Kwamba ulikosea? Hilo nililijua. Nilitaka kujua kama na wewe unalijua."

Nikaanza kutoa miba ya samaki wangu. Mimi, ambaye nina maelezo ya kila kitu.

Akasema niwaandikie, na jina lake niliandike kamili. "Ila usiandike kwamba nimekusamehe. Hawajauliza, na mimi sijasema."

Aliposimama kunifungulia mlango nilitaka kumshika mkono. Mkono ulikuwa na fimbo.

Ijumaa, 14 Februari

Nimeandika barua. Kurasa mbili, kwa Kiingereza, bila mapambo. Maana ya neno, desturi yetu ya penseli, trei, likizo, uongo wangu. Sentensi ya mwisho inasema kosa lilikuwa langu na kwamba Salim hakuwahi kukabidhiwa karatasi ile. Jina lake kamili. Nimesaini.

Upendo amesoma. Kisha akasema, "Baba, mama alijua?"

Hapana. Mama yake aliolewa na mchoraji ramani hodari.

Sijapika. Sijala.

Jumanne, 25 Februari

Imogen amejibu kwa furaha kubwa. Ati barua yangu ni hazina. Ati kamati imesisimka. Jina la Kiafrika kwenye barafu! Alama moja ya mshangao, naiacha kama ilivyo.

Ameniletea rasimu ya maelezo ya daftari niisaini. Nimeisoma nikidhani miwani imeharibika. Inasema barafuto imepewa neno la Kiswahili lenye maana ya utulivu.

Ilinichukua nusu saa kuelewa. Kwa Kiingereza neno moja, still, hubeba maana ya "bado", na neno hilo hilo hubeba maana ya "tulivu". Aliiuliza simu yake "bado" ni nini, simu ikampa neno, yeye akashika maana isiyo yake. Nilikuwa nimemweleza maana katika barua, aya ya kwanza. Hakuiamini. Aliamini simu. Shahada tatu, na hakuona kwamba mchoraji hawezi kuacha kazi katikati akaandika juu yake "tulivu".

Hilo linasahihishika. Lingine ndilo lililonitoa jasho. Habari ya Salim haimo. Trei haimo. Uongo haumo. Kilichomo ni kwamba wachoraji wawili wa Afrika Mashariki "walileta lugha yao mezani". Utadhani tulikuja na sinia la pilau.

Alhamisi, 27 Februari

Nimempigia simu. Nilijieleza pole pole, kama darasani. Nikasema neno halina utulivu wowote, ni alama ya kazi isiyokwisha. Alishukuru, akasema watarekebisha. Kisha nikauliza kuhusu Salim.

Akasema daftari ni la majina, si la migogoro ya wafanyakazi. Akasema familia ya Wexcombe inaweza kulalamika. Akasema, kwa sauti ya mtu anayekupa pipi, kwamba wanachama wengi sasa wanalipenda jina Bado na litapita, mradi nisaini asili yake kama ilivyoandikwa. Bila saini yangu hakuna ushahidi. Bila ushahidi, Wexcombe.

Nikamuuliza, kwani barua yangu si ushahidi? Akasema barua ina mambo ambayo kamati haiwezi kuyathibitisha, hivyo haiwezi kuichukua nusu. Lakini nusu ndiyo wanayoitaka! Neno wamelipenda. Namna lilivyopatikana inawaharibia chai.

"Elia," akasema, "fikiria watoto wa Afrika watakaoliona neno hilo kwenye ramani."

"Nafikiria mtu mmoja wa Croydon," nikasema. "Ama sentensi yake iingie, ama msiiguse barua yangu."

Akasema ataripoti.

Jumapili, 2 Machi

Sikwenda kanisani. Nimeifungua picha ya setilaiti kwenye kompyuta ya Upendo. Siku hizi mtu yeyote anaona pwani ile, bila stereoskopu, bila shingo kuuma. Ulimi umevunjika na kuondoka. Ukingo niliokisia chini ya wingu sasa ni maji matupu. Kamati inagombania jina la kitu kinachorudi nyuma kila kiangazi, na haijauliza hata mara moja kinaendeleaje.

Bado naipenda. Nimeona nyufa zake kwenye picha, na nimejua zipi ni zile Salim alizoziona kwanza.

Ningesaini tu, neno lingebaki. Nani angeumia? Salim ameshaumia. Nimeifikiria hoja hii siku nzima. Ni hoja nzuri. Ni ya Kifutio.

Jumatatu, 17 Machi

Matokeo. Mistari minne. Kamati inanishukuru kwa mchango wangu. Asili ya jina Bado "haikuweza kuthibitishwa". Barafuto itaitwa Wexcombe kuanzia toleo lijalo. Barua yangu itahifadhiwa katika faili.

Imogen ameongeza kwa niaba yake mwenyewe kwamba anasikitika. Namwamini. Watu wa namna hii husikitika kwa dhati, kisha wanakwenda kupanda milima.

Upendo alitaka kuandika magazetini. Nimemwambia aende akalale, ametoka zamu.

Jumamosi, 22 Machi

Croydon tena. Mvua nyembamba. Nilibeba nakala ya barua na jibu la kamati.

Mwanaidi alikuwa jikoni. Salim alisoma jibu kwanza. Kisha akaniuliza, bila utani, kama ni kweli ningesaini neno lingebaki. Nikasema ni kweli.

"Kwa hiyo barafuto niliyoiona mimi, umeiachia Kifutio."

Nikasema ndiyo.

"Bila kuniuliza."

Ndiyo. Nilieleza kwamba walitaka neno bila yeye. Alisikiliza akitazama dirishani, tramu zikipita chini. Sikujua kama ana hasira. Nilikaa na koti langu mwilini, tayari kufukuzwa.

Akaomba barua. Aliisoma kwa kioo cha kukuzia, ukurasa wa kwanza, wa pili, kidole kikifuata mistari kama tulivyofundishwa kukagua majina kabla ya kuchapa. Alipofika sentensi ya mwisho alisimamisha kidole.

"Huyu Salim Hamisi ni nani?"

"Ni wewe," nikasema.

"Baba yangu ni Hamza."

Nimefanya kazi meza moja na mtu huyu. Nimezika naye watu. Nimeandika majina ya mbwa kwa wino bila kukosea. Hamisi lilikuwa jina alilopewa na karani wa ofisi siku ya kwanza. Salim hakumsahihisha, na mimi sikuuliza kamwe. Na katika faili la kamati atabaki hivyo, maana barua ya pili hawataifungua.

Sikujitetea. Nikaomba karatasi. Mwanaidi alileta za mwanawe za shule, zenye mistari. Nikavua koti, nikaandika barua yote upya mezani pale, kurasa mbili, kwa herufi za kawaida, zilizosimama. Ilichukua muda. Vidole vyangu si vya zamani. Nilipofika mwisho, Salim aliinuka na fimbo yake, akaja kusimama nyuma ya kiti changu, akatazama mpaka nilipomaliza kuandika Hamza.